Kilomita 822 zinaweza kuwa saa mbili au siku nne: kupima safari kati ya viwanja vya ndege vya mbali

Iqaluit uko kaskazini mwa Kanada, kwenye kisiwa cha Baffin. Nuuk ni mji mkuu wa Greenland. Katikati yake kuna mlango-bahari wa Davis, na ukipima kutoka uwanja wa ndege mmoja hadi mwingine unapata kilomita 822. Ndege ya pangaboi yenye injini mbili huvuka maji hayo kwa chini ya saa mbili. Lakini ndege ya moja kwa moja kati ya miji hii imekuwa ikija na kuondoka, na ilipokuwapo ilikuwa ya msimu. Isipokuwapo, abiria wa Nuuk anayekwenda Iqaluit hana barabara wala reli ya kumwokoa. Anaweza kujikuta anapitia Iceland, kisha Toronto, kisha Ottawa, ndipo apande tena kaskazini. Vipande hivyo vinne ukivijumlisha vinakaribia kilomita 8,000. Mji anaouendea uko magharibi yake, naye safari anaianza kwa kuelekea mashariki.

Watu wengi wakitaka kujua safari ya namna hii ni ndefu kiasi gani, huandika majina mawili kwenye tovuti, wakapewa kilomita na "muda wa ndege", wakaridhika. Namba ya kwanza mara nyingi ni sahihi. Ya pili kwa kawaida ni kilomita zilizogawanywa kwa mwendo wa jeti kubwa, na kwa viwanja vidogo haina maana yoyote. Kuna namna bora ya kuhesabu, na haihitaji zaidi ya kikokotoo cha simu na subira kidogo.

Anza na mahali penyewe

Makosa ya kwanza hutokea kabla ya hesabu. Majina ya miji hurudiwa duniani: kuna Sydney ya Australia na kuna Sydney ya Nova Scotia huko Kanada, na wapo abiria waliokwisha kushuka kwenye ile wasiyoikusudia. Kwa hiyo fanya kazi kwa alama, si kwa majina. Alama ya herufi tatu ya IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, ndiyo iliyo kwenye tiketi (YFB kwa Iqaluit, GOH kwa Nuuk). Ya herufi nne ya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ndiyo wanayotumia marubani na waongozaji ndege (CYFB na BGGH). Viwanja vingi vidogo havina kabisa alama ya herufi tatu, kwa hiyo ukikitafuta kiwanja kwenye tovuti ya tiketi usikione, usihitimishe kwamba hakipo.

Kisha chukua latitudo na longitudo. Hapa angalia mambo mawili. La kwanza ni namna ya kuandika: digrii 63 na dakika 45 ni 63.75 kwa desimali, si 63.45. Ukikosea hapo umeusogeza uwanja kilomita 33. La pili ni alama ya kutoa. Longitudo za magharibi na latitudo za kusini huandikwa kwa namba hasi, na ukisahau alama hiyo kwa Iqaluit peke yake, uwanja unahamia Siberia ya magharibi. Kikokotoo hakitalalamika. Kitakupa jibu safi la safari isiyokuwapo. Tazama pia mpangilio, maana baadhi ya programu za ramani hutanguliza longitudo.

Jambo dogo la kuongezea: viwianishi rasmi vya uwanja, yaani hizo latitudo na longitudo, vinaelekeza kwenye nukta iliyo karibu na katikati ya njia ya kurukia ndege, si kwenye jengo la abiria. Kwa safari ya mamia ya kilomita haina uzito. Kwa safari ya kilomita tatu, ina uzito.

Mstari ulionyooka juu ya tufe

Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111 popote uendapo. Digrii moja ya longitudo ni kilomita 111 kwenye ikweta tu. Ukipanda kaskazini au kushuka kusini, inapungua kwa kadiri ya kosaini (cos kwenye kikokotoo) ya latitudo, mpaka inakuwa sifuri kwenye ncha ya dunia. Iqaluit na Nuuk zinatengana kwa digrii 16.9 za longitudo. Anayezidisha kwa 111 bila kufikiri atapata karibu kilomita 1,870, yaani zaidi ya maradufu ya umbali halisi.

Kanuni inayotumika zaidi huitwa havasaini, na inafaa kuipitia mara moja kwa mkono ili ujue tovuti inafanya nini. Iqaluit ni 63.756 na −68.556, Nuuk ni 64.191 na −51.678. Tofauti ya latitudo ni digrii 0.435, na ya longitudo ni 16.878. Gawa kila tofauti kwa mbili, tafuta saini yake (sin kwenye kikokotoo), izidishe kwa yenyewe: unapata 0.0000144 na 0.02154. Hiyo ya pili izidishe kwa kosaini za latitudo zote mbili, yaani 0.4422 mara 0.4354, utapata 0.004147. Jumlisha na ile ya kwanza: 0.004161. Tafuta kipeuo chake cha pili, 0.0645. Pembe ambayo saini yake ni hiyo, kwa kipimo cha radiani, ni 0.06455. Zidisha kwa mbili, kisha kwa nusu kipenyo cha wastani cha dunia, kilomita 6,371. Jibu ni kilomita 822.

Kanuni hiyo inaichukulia dunia kuwa mpira kamili, nayo siyo. Imebonyea nchani: nusu kipenyo chake kwenye ikweta ni kilomita 6,378 na kwenye ncha ni 6,357. Ukitumia umbo halisi, jibu la safari yetu linaongezeka kwa kama kilomita 3. Kosa la namna hii halizidi sana nusu ya asilimia moja, kwa hiyo kwa kupanga safari liache lilivyo.

Jambo la muhimu zaidi ni kwamba njia fupi kuliko zote juu ya tufe, ile inayoitwa duara kuu, haina mwelekeo mmoja. Ukiondoka Iqaluit kwenda Nuuk unaanza na mwelekeo wa digrii 79 kutoka kaskazini halisi, na unafika ukiwa kwenye digrii 94. Umegeuka digrii 15 bila kukata kona yoyote. Tena huko dira ya sumaku hupotoka zaidi ya digrii 20 upande wa magharibi, kwa hiyo namba anayoiona rubani kwenye dira si mojawapo ya hizo mbili. Anayechora mstari kwa rula juu ya ramani ya kawaida ya ukutani, kisha akashangaa kwa nini ndege kwenye skrini inapinda kuelekea ncha ya dunia, sababu ni hii.

Kutoka kilomita hadi dakika

Usafiri wa anga hupima kwa maili za baharini. Moja ni mita 1,852 kamili, na mwendo wa maili moja ya baharini kwa saa ni noti moja. Kilomita 822 ni maili 444 za baharini. Kuanzia hapa tutumie hizo, kwa sababu namba zote za ndege zinatolewa hivyo.

Ndege gani? Swali hili huamua zaidi kuliko umbali. Twin Otter hutembea kwa kama noti 150, Cessna Caravan 170, ATR 72 karibu 270, Dash 8-200 kama 280, Dash 8-400 inakaribia 350, na jeti ndogo ya abiria 440 hivi. Kwa maili 444, Twin Otter inahitaji karibu saa tatu na jeti inahitaji saa moja. Viwanja vya mbali vingi havipokei jeti, kwa hiyo makisio yanayotumia mwendo wa jeti yanakosea tangu mwanzo.

Tuchukue Dash 8-200. Maili 444 kwa noti 280 ni dakika 95. Hapo bado hujapanda wala kushuka. Ndege inapopanda inakwenda polepole kuliko mwendo wake wa safari; inaposhuka na kujipanga kwa kutua, hivyo hivyo. Ongeza dakika 10. Kisha kuna kutembea ardhini, kutoka maegeshoni hadi njia ya kurukia, na upande wa pili kutoka njia ya kurukia hadi maegeshoni: dakika 10 nyingine kwa viwanja viwili vidogo, ingawa kwenye kitovu kikubwa, yaani uwanja wa kuunganishia safari nyingi, inaweza kufika 30. Jumla ni saa 1 na dakika 55. Muda unaoandikwa kwenye ratiba ni huu wa mwisho, tangu ndege inaposogea kutoka maegeshoni hadi inaposimama tena. Tovuti ikikuambia saa 1 na dakika 35 na tiketi ikasema 1 na 55, hakuna aliyekosea. Wanapima vitu viwili.

Kanuni ya kushuka inafaa kukariri: maili 3 kwa kila futi 1,000. Ndege iliyo futi 25,000 inaanza kushuka maili 75 kabla ya kufika. Kupanda hadi huko nako kunakula maili 50 au 60. Maana yake, kwenye safari ya maili 130, ndege hiyo haipati hata dakika moja ya mwendo wake kamili kwenye kimo hicho, ndiyo sababu marubani wa safari fupi huchagua kimo cha chini. Kwa safari zilizo chini ya maili 150, tunashauri uchukue theluthi mbili tu ya mwendo wa ndege unaotangazwa. Ni makisio, lakini hayakuangushi.

Ukomo wa jambo hili uko visiwa vya Orkney, Uskoti. Kati ya Westray na Papa Westray kuna kilomita 2.7, na tangu 1967 kuna ndege ya ratiba inayopita hapo. Ratiba inaandika dakika 2. Siku ya upepo mzuri Britten-Norman Islander imewahi kuvuka kwa sekunde 53. Hapo kugawa umbali kwa mwendo hakufai kitu.

Upepo haulipi deni

Mtu anaweza kudhani kwamba upepo unaokuchelewesha ukienda utakufidia ukirudi. Haufidii. Weka upepo wa noti 40 kwenye safari yetu. Ukiwa kisogoni, ndege inakwenda noti 320 juu ya ardhi na inatumia dakika 83. Ukiwa usoni, inakwenda noti 240 na inatumia dakika 111. Jumla ni 194, wakati bila upepo kwenda na kurudi kungekuwa 190. Ongeza upepo uwe noti 80: dakika 74 na dakika 133, jumla 207. Sababu ni kwamba kwenye upepo mbaya unakaa muda mrefu zaidi kuliko kwenye upepo mzuri, kwa hiyo ubaya unakupata kwa muda mwingi kuliko wema.

Ndege ya polepole huumia zaidi. Noti 40 za usoni zinaipunguzia jeti ya noti 440 chini ya sehemu moja ya kumi ya mwendo. Twin Otter ya noti 150 zinaipunguzia zaidi ya robo. Ndiyo maana ratiba za ndege ndogo huyumba zaidi, na ndiyo maana mashirika hutoa muda tofauti kwa kwenda na kwa kurudi. Kwenye latitudo za kati na za juu pepo za juu kwa kawaida huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo safari ya kuelekea mashariki huwa fupi.

Mafuta, na mahali pa kuamua

Hili ndilo eneo ambalo abiria halioni kabisa, nalo ndilo linaloamua kama ndege itaondoka. Kanuni za kimataifa zinataka ndege ibebe mafuta ya kutembea ardhini, ya safari yenyewe, ya dharura (kwa kawaida asilimia 5 ya safari), ya kwenda uwanja mbadala, na akiba ya mwisho: dakika 30 za kuzunguka angani kwa ndege za tabo (jeti, na pangaboi kama Dash 8), dakika 45 kwa zile za pistoni (injini ya namna ya gari). Sasa fikiria uwanja ambao hauna mbadala wa karibu. Kanuni zina jina la hali hiyo: uwanja uliojitenga. Ndege ya tabo inayokwenda huko, badala ya mafuta ya kufika uwanja mbadala, inapaswa kuwa na mafuta ya saa mbili baada ya kufika juu ya uwanja. Mafuta hayo ni uzito, na uzito huo unatolewa kwa abiria au kwa mizigo.

Kisiwa cha St Helena kinaonyesha vizuri. Ndege ya ratiba ilianza kwenda huko Oktoba 2017, Embraer 190 kutoka Johannesburg. Ikiwa inakwenda, hutua kwanza Walvis Bay, Namibia, kujaza mafuta, kwa sababu kutoka hapo hadi kisiwani ni kama kilomita 2,260 za bahari tupu, na upepo unaobadilika ghafla karibu na njia ya kurukia unaweza kuizuia isitue. Inabidi iwe na mafuta ya kurudi bara. Abiria anayeona kituo cha Walvis Bay kwenye ratiba anaweza kukiona ni usumbufu. Ukweli ni kwamba kituo hicho ndicho kinachoiwezesha safari.

Turudi kwetu. Kuna nukta mbili ambazo kila rubani wa njia ya maji au jangwa huzikokotoa. Ya kwanza ni ile ambapo kurudi na kuendelea kunachukua muda sawa. Zidisha umbali wote kwa mwendo wa kurudi, gawa kwa jumla ya mwendo wa kwenda na wa kurudi. Kwa upepo wetu wa noti 40 kisogoni: 444 mara 240, gawa kwa 560, ni maili 190. Katikati ya njia ni maili 222, lakini nukta hiyo iko nyuma ya katikati, kwa sababu kurudi ni kupambana na upepo. Hakiki: kutoka hapo kuendelea maili 254 kwa noti 320 ni dakika 48, na kurudi maili 190 kwa noti 240 ni dakika 48. Injini moja ikizimika au abiria akizidiwa na ugonjwa, hiyo ndiyo nukta inayoamua pa kuelekea. (Injini ikizimika mwendo unapungua, na rubani huikokotoa nukta hiyo upya kwa mwendo huo mdogo.)

Ya pili ni ile ambayo ukiipita huwezi tena kurudi ulikotoka. Hii inategemea mafuta. Ukiwa na mafuta ya saa 3, baada ya kutenga akiba, zidisha 3 kwa 240, gawa kwa 560: saa 1 na dakika 17, ambazo kwa noti 320 ni maili 411. Yaani maili 33 kabla ya Nuuk, dakika kama sita, rubani anapaswa kuwa na taarifa ya hali ya hewa mkononi na kuamua. Ukungu ukiwa umeshuka, anageuka. Abiria waliokwisha kuona milima ya Greenland dirishani watarudishwa Iqaluit, na wengi watakasirika kwamba "tulikuwa tumefika". Uamuzi huo ni sahihi kabisa, na ni vyema abiria wajue unavyofanyika.

Njia ya kurukia ndiyo mlango

Kwa miaka mingi njia ya kurukia ya Nuuk ilikuwa na urefu wa chini ya mita 1,000. Jeti kubwa kutoka Denmark haikuweza kutua. Ilitua Kangerlussuaq, uwanja uliojengwa na jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wenye njia ya mita 2,810; kutoka hapo abiria walipanda Dash 8 kwenda Nuuk, kilomita 317 nyingine. Njia mpya ya Nuuk yenye mita 2,200 ilifunguliwa tarehe 28 Novemba 2024. Kilomita hazikubadilika hata moja. Safari za watu zilibadilika zote.

Urefu wa mita peke yake hautoshi. Joto na mwinuko hupunguza uzito wa hewa, na ndege huhesabu hewa, haihesabu ardhi. Joto la kawaida usawa wa bahari huchukuliwa kuwa nyuzi 15, likipungua nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Uwanja ulio futi 5,000 ungetegemewa kuwa na nyuzi 5. Ukiwa na nyuzi 30, zimezidi 25. Zidisha kila moja kwa futi 120, upate futi 3,000. Kwa ndege, uwanja huo siku hiyo uko futi 8,000. Ndege ndogo huhitaji takribani asilimia 10 zaidi ya mbio kwa kila futi 1,000 za namna hiyo. Ndiyo sababu kwenye viwanja vya nyanda za juu zenye joto ndege huondoka alfajiri, na ya mchana hubeba watu pungufu au huacha mizigo. Begi lililoachwa husubiri ndege inayofuata. Pakiwa na ndege mbili kwa wiki, dawa zako zisiwe ndani ya begi hilo.

Kutua nako kuna mlango wake. Uwanja wenye mitambo kamili ya kuongoza ndege huruhusu rubani kushuka hadi futi 200 bila kuiona ardhi. Usio na mitambo hiyo unaweza kumtaka aione akiwa futi 400, 500 au zaidi. Wingu lililo futi 300 linaufunga uwanja mmoja na kuuacha wa jirani ukifanya kazi. Uwanja wenye njia moja tu hauna la kuchagua upepo ukigeuka: noti 40 zikivuma kwa pembe ya digrii 60 na njia ya kurukia zinampa rubani noti 35 za ubavuni, ambazo ndege nyingi ndogo haziruhusiwi kuzikabili. Kisha kuna saa za kazi. Taa zikikosekana, kikosi cha zimamoto kikishatoka zamu, au marubani wakikaribia kikomo cha saa zao za kazi, kuchelewa kwa dakika 40 asubuhi kunageuka kuwa safari ya kesho.

Saa za ukutani

Iqaluit iko saa 3 nyuma ya Nuuk. Ukiondoka Iqaluit 10:00 kwa upepo wa kisogoni, saa 1 na dakika 43 za ratiba, unafika Nuuk 14:43. Ukiondoka Nuuk 15:30 na kutumia saa 2 na dakika 11, unafika Iqaluit 14:41, kabla ya saa uliyoondoka. Kanada hubadilisha saa kwa tarehe zake na Greenland kwa tarehe za Ulaya, kwa hiyo kuna majuma machache mwezi Machi na siku chache kati ya Oktoba na Novemba ambapo tofauti ni saa 2. Kwenye majuma hayo ndipo watu hukosa ndege za kuunganisha.

Njia isiyokosea ni kugeuza kila saa kuwa UTC, saa moja ya rejea kwa dunia nzima, kufanya hesabu yote huko, kisha kurudi kwenye saa za mahali mwishoni. Kwa msomaji wa Kiswahili kuna hatua moja zaidi: tiketi ikiandika 10:00 ni saa nne asubuhi. Geuza mwisho kabisa, hesabu ikiwa imekwisha. Anayegeuza katikati, nusu ya namba zikiwa za tiketi na nusu za kwetu, atakosea kwa saa sita kamili na hataliona kosa, kwa sababu jibu litaonekana la kawaida.

Siku ambazo ndege haipo

Sehemu kubwa kuliko zote ya safari kati ya viwanja vya mbali ni kusubiri. Tuseme ndege inaondoka Jumanne na Ijumaa. Kuna pengo la siku 3 na pengo la siku 4. Mtu ambaye safari yake inaweza kuhitajika siku yoyote, kwa msiba au matibabu, atasubiri wastani wa siku ngapi? Zidisha kila pengo kwa lenyewe, jumlisha, gawa kwa mara mbili ya wiki: 9 na 16 ni 25, gawa kwa 14, ni siku 1.8. Hizo ni saa 43 za kusubiri kwa safari ya saa mbili. Ukihamisha ndege hizo ziwe Jumatatu na Jumanne, mapengo yanakuwa siku 1 na siku 6, na wastani unapanda hadi siku 2.6. Idadi ya ndege ni ile ile. Wapangaji wa ratiba wangelifikiria hili kila mara, jamii nyingi za mbali zingenufaika bila kuongezewa ndege hata moja.

Ukilazimika kuunganisha, hesabu inarudi kwenye tiketi. Vipande vyote vikiwa kwenye tiketi moja, kuchelewa kwa cha kwanza ni jukumu la shirika, nalo litakutafutia kingine. Vikiwa tiketi mbili, cha pili kinapotea na hakuna wa kumdai. Kutoka uwanja wa mbali tunaona ni busara kulala usiku mmoja kwenye kitovu kabla ya ndege ndefu, hata kama ratiba inaonyesha saa tatu za katikati. Na begi likiwa la tiketi mbili, utalichukua na kulikabidhi upya, huku kaunta ikifungwa dakika 45 au 60 kabla ya kuondoka.

Basi kabla ya kulipa, tafuta majibu ya haya kwa alama za viwanja vyote viwili: aina ya ndege inayopita, siku zake za wiki, muda ulioandikwa kwenye ratiba kwa kwenda na kwa kurudi kila mmoja peke yake, uwanja mbadala ndege isipoweza kutua, na kama huko mbadala kuna mahali pa kulala. Asubuhi ya safari soma taarifa ya hali ya hewa ya uwanja unaoondokea na ya unaoendea. Hizo za marubani, METAR (hali ilivyo sasa) na TAF (utabiri), ziko wazi kwa kila mtu kwa ile alama ya herufi nne. Kwenye METAR ya Nuuk, kikundi kama OVC003 kinasema wingu limefunika anga lote kwa futi 300. Ukikiona, piga simu uulize ndege inayofuata ni ya siku gani, na kama bado ina nafasi.